Draiva, Kiendeshi na Kipanya: Maelezo juu ya Kutafuta Kasoro katika Kompyuta za Linux

Makusudi ya makala haya ni mawili. La kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili kinachoweza kufuatwa na mtu asiye fundi, namna kipanya cha kompyuta kinavyozungumza na mfumo wa Linux, na njia ifaayo kufuatwa kipanya hicho kinapoacha kuutii mkono. La pili ni kuyapima maneno tunayoyatumia katika kutoa maelezo ya namna hiyo. Kwani katika jambo hili neno moja lisilo na mpaka laweza kumpotezea mtu kazi ya miaka.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini jambo la ufundi lijadiliwe katika kurasa za lugha. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi zetu siku hizi imo ndani ya mtambo huu: vidahizo vya kamusi, sauti za wazee zilizorekodiwa vijijini, picha za miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kipanya kikiharibika, mambo hayo hubaki salama mahali pake. Hatari huanza pale anapokuja mtu kukitengeneza kipanya, naye akapewa maelezo yanayoweza kusomwa kwa maana mbili.

Asili ya chombo

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika taasisi ya utafiti ya Stanford, jimbo la California, Marekani. Aliyekibuni ni Douglas Engelbart, na aliyekiunda kwa mikono ni Bill English. Kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake, moja likipima mwendo wa kushoto na kulia, na la pili mwendo wa mbele na nyuma. Kilionyeshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Magurudumu yale yamekwisha kuachwa. Ukaja mpira unaobingirika, na sasa ni taa pamoja na kijicho kinachopiga picha za uso wa meza mara nyingi sana katika kila sekunde, na kuzilinganisha picha hizo.

Walakini kanuni haikubadilika. Kipanya hakijui kilipo juu ya meza, wala hakijui kishale kilipo juu ya kioo. Kijuacho ni kimoja tu: kimesogea kiasi gani tangu kilipoulizwa mara ya mwisho. Msomaji na alishike neno hili, kwa sababu maelezo yote yanayofuata yamesimama juu yake.

Linux nayo ni mfumo unaotawala kompyuta. Kiini chake kiliandikwa na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, akakitangaza mwaka 1991. Maandishi ya programu hiyo yako wazi kwa kila mtu, na kwa hiyo hatua zake zote zaweza kuchunguzwa. Katika Afrika ya Mashariki uhusiano wa programu huria na Kiswahili si mgeni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na katika Linux uundaji wenyewe waweza kutazamwa na yeyote atakaye.

Maneno matatu

Jina la kipanya halina ugomvi mkubwa. Wengi husema kipanya, na wako waliosema puku. Hata watu wawili wakitofautiana, mmoja atakionyesha chombo kwa kidole na shaka itakwisha. Kosa la jina la kitu kinachoshikika husahihishwa na jicho.

Hali ya draiva ni nyingine. Draiva ni programu ndogo iliyo ndani ya mfumo, haionekani wala haishikiki, na mtu hana mpini wa kuishikia ila jina lake. Kiingereza kiliipa jina la mwendesha gari, nasi tumelipokea jina hilo kwa njia tatu. Mafundi wengi husema draiva, kama walivyolisikia. Wengine wamerudi kwa neno lililokwisha kuingia zamani pamoja na magari, wakasema dereva. Wengine wamelitafsiri kwa kitenzi endesha, wakapata kiendeshaji na kiendeshi.

Shida yatokea katika njia ya tatu. Kiingereza kina neno jingine, la kitenzi kile kile, ambalo hutaja chombo kinachohifadhi mafaili yote ya kompyuta, yaani kile tukiitacho diski. Nalo pia limetafsiriwa kuwa kiendeshi. Maneno mawili ambayo katika Kiingereza hutengwa na silabi ya mwisho, katika Kiswahili yameangukia jina moja. Umbo la neno halitusaidii kuyatenga. Nomino za ki- zenye mwisho wa -i, kama kiongozi na kinyozi, humtaja mtenda. Na nomino za ki- zenye mwisho wa -o, kama kifuniko, kizibo na kifungo, aghalabu hutaja chombo cha kutendea. Kiendeshi kwa umbo lake ni mtenda, kwa matumizi yake ni chombo, na hakuna sehemu ya neno inayosema kama kitu hicho ni programu ama ni sanduku la chuma.

Natutazame madhara yake. Tuseme imeandikwa katika karatasi ya maelezo: "Kipanya kikikataa, ondoa kiendeshi, kisha ukiweke upya." Mtu wa kwanza akisoma hivyo, ataiondoa draiva ya kipanya kutoka katika kumbukumbu ya mashine na kuirudisha, kazi ya sekunde chache isiyodhuru faili hata moja. Mtu wa pili atafahamu kwamba diski isafishwe na mfumo wote uwekwe upya. Wote wawili wamesoma sarufi sawasawa. Mmoja ametengeneza kipanya. Mwingine amefuta kamusi.

Liko kosa la pili katika jina hilo, nalo ni la maana. Kuendesha ni kukifanya kitu kiende. Draiva haikiendeshi kipanya. Kinachokiendesha kipanya ni mkono wa mtu. Kazi ya draiva ni kupokea lugha ya chombo na kuifasiri kwa lugha ya mfumo. Kwa hiyo mtu atakaye kuifahamu aifikirie kama mkalimani aliyesimama kati ya mgeni na mwenyeji. Mkalimani asipokuwapo, mgeni atasema wala hatasikika; lakini pia yawezekana mkalimani yupo na mgeni mwenyewe amepoteza sauti. Kabla ya kumlaumu mkalimani yapasa kujua nani amenyamaza.

Njia ya mwendo kutoka mkononi hata kwenye kioo

Kati ya mkono na kishale kuna vituo vitano.

Kituo cha kwanza ni kipanya chenyewe: taa, kijicho, vifungo, na waya au betri yake.

Kituo cha pili ni mlango wa USB. Njia hii ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996; kabla yake ilitumika sana tundu la duara la PS/2, lililoletwa na IBM mwaka 1987. Katika USB kipanya hakisemi mpaka kiulizwe. Kompyuta hukiuliza tena na tena; kwa vipanya vya kawaida huwa kila baada ya milisekunde 8, yaani mara 125 kwa sekunde. Jibu katika muundo wake ulio sahili kabisa ni baiti tatu: ya kwanza yasema vifungo gani vimebonyezwa, ya pili yasema mwendo wa mlalo, na ya tatu mwendo wa wima.

Kituo cha tatu ni draiva ndani ya kiini cha Linux. Kwa vipanya vya USB jina lake ni usbhid. Kwa vile vya PS/2, na kwa vibao vya kugusa vya kompyuta nyingi za kupakata, jina ni psmouse. Draiva huzipokea baiti na kuzigeuza kuwa matukio. Kila tukio lina aina, jina na thamani: mathalan, tukio la REL_X lenye thamani ya 5 maana yake ni "kimesogea kulia hatua 5." Matukio hayo hutolewa katika faili lililoko ndani ya /dev/input, kwa sababu Linux imerithi desturi ya Unix, mfumo uliozaliwa mwaka 1969, ya kuvionyesha vifaa kama mafaili.

Kituo cha nne ni libinput, maktaba ya programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2014. Hiyo huyasoma matukio na kuyapima: huamua kwamba mwendo wa haraka wa mkono umpeleke kishale mbali zaidi kuliko mwendo wa polepole, na kwamba mibonyezo miwili iliyofuatana upesi kupita kiasi huenda ni mmoja.

Kituo cha tano ni programu zinazochora madirisha, kama GNOME na KDE, ambazo humweka kishale mahali pake na kumpelekea habari ya mbonyezo yule anayestahili kuipata.

Watu husema "draiva imeharibika" kwa kasoro ya kituo chochote katika hivyo vitano. Hapo ndipo jina lilipokuwa kitanzi: limewafanya waangalie kituo kimoja na kuviacha vinne.

Kabla ya kugusa kitu

Jambo la kwanza ni kuiokoa kazi, wala si kukitengeneza kipanya. Kibodi aghalabu bado yafanya kazi. Ctrl pamoja na S huhifadhi maandishi yaliyo wazi. Ikiwa madirisha yote yamekwama, Ctrl, Alt na F3 zikibonyezwa pamoja humpeleka mtu kwenye kioo cha maandishi matupu, ambako aweza kuingia kwa jina lake na siri yake, na kuyanakili mafaili yake kwenye diski ya nje kwa amri ya cp. Kurudi kwenye madirisha ni kwa Ctrl, Alt na F1 au F2, kwa kadiri mfumo ulivyopangwa. Aliyekwisha kunakili kazi yake hutafuta kasoro kwa utulivu, na hata akipewa maelezo mabaya hasara yake itakuwa ndogo.

Jambo la pili ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili kipanya, tundu na mpangilio wa mfumo kwa pamoja, hata kishale kikirudi hatajua kilichomrudisha.

Kuuliza kituo kwa kituo

Katika kituo cha kwanza, kipanya kipinduliwe kitazamwe. Je, taa yawaka? Je, unywele umeziba kijicho? Je, meza ni ya kioo kitupu? Kijicho hulinganisha picha za uso wa meza, na uso usio na alama haumpi cha kulinganisha. Kisha kipanya kijaribiwe katika kompyuta nyingine, na kipanya kingine kijaribiwe katika kompyuta hii. Majaribio haya mawili hayataki elimu yoyote, nayo mara nyingi humaliza shauri.

Katika kituo cha pili, lifunguliwe dirisha la kuandikia amri, na kwa uwezo wa msimamizi iandikwe amri ya dmesg --follow, ambayo huonyesha maneno ya kiini yanapotoka. Kisha kipanya kichomekwe. Mambo yakiwa mema, mara hutokea mistari inayotaja kifaa kipya, mtengenezaji wake na jina lake. Pasipotokea mstari wowote, draiva haihusiki kabisa, kwa maana hakuna mgeni aliyebisha hodi: waya umekatika au tundu limekufa. Ukitokea mstari wenye kosa la -71, maana yake mazungumzo yalianza yakaharibika njiani. Kosa la -110 maana yake kompyuta iliuliza na jibu halikuja kwa wakati. Mara nyingi makosa haya hutokana na waya, tundu lililolegea, au umeme hafifu wa kigawanyio chenye matundu mengi. Amri ya lsusb huorodhesha vifaa vyote vilivyotambuliwa.

Katika kituo cha tatu, amri ya lsusb -t huonyesha kila kifaa pamoja na draiva yake. Mbele ya kipanya yapasa kuonekana neno Driver=usbhid. Kipanya kikiwapo bila draiva, hapo ndipo mkalimani ametoweka kweli, na sababu iliyo mashuhuri ni hii: mfumo umepewa kiini kipya, lakini mashine haijazimwa na kuwashwa, na bado yatumia kiini cha zamani. Katika mifumo kama Arch Linux, moduli za kiini cha zamani huondolewa katika diski mara kipya kinapoingia. Kipanya kilichokuwa kimechomekwa tangu asubuhi chaendelea, kwa sababu draiva yake imo kwenye kumbukumbu tayari. Lakini draiva ambayo haijapakiwa haitaonekana tena mahali pake, na kifaa kinachoihitaji hukataliwa. Amri ya uname -r hutaja kiini kinachotumika sasa, na folda ya /lib/modules huonyesha moduli zilizopo; majina yakitofautiana, dawa ni kuzima na kuwasha, basi.

Ikiwa kasoro imeanza baada ya kuwashwa kwa kiini kipya, mifumo kama Debian, Ubuntu na Fedora huhifadhi kiini kilichotangulia, nacho chaweza kuchaguliwa katika orodha inayotokea wakati wa kuwasha. Kipanya kikitii chini ya kiini cha zamani na kukaidi chini ya kipya, ushahidi umekamilika, wala hapana haja ya kugusa diski.

Kwa kibao cha kugusa kilichogoma, hasa baada ya kompyuta kuamshwa usingizini, ikiwa kinatumia psmouse, amri mbili hutosha mara nyingi: modprobe -r psmouse, kisha modprobe psmouse. Ya kwanza huiondoa draiva kwenye kumbukumbu. Ya pili huirudisha. Faili la draiva hubaki katika diski muda wote. Hii ndiyo maana halisi ya kuondoa na kuweka upya. Kwa usbhid tahadhari yahitajika, kwa sababu kibodi za USB nazo hutumia draiva hiyo hiyo; anayeiondoa peke yake hubaki bila kipanya na bila kibodi, asiweze kuandika amri ya kuirudisha. Kwa kipanya cha USB yafaa zaidi kukichomoa na kukichomeka tena.

Katika kituo cha nne, programu iitwayo evtest ndiyo shahidi mwema. Humtaka mtu achague kifaa, kisha huandika kila tukio litokalo katika draiva. Kipanya kikisogezwa na REL_X na REL_Y zikatiririka, vituo vitatu vya kwanza vyote vimeondolewa lawama: chombo kizima, waya mzima, draiva nzima. Kisha iandikwe libinput debug-events, na mwendo utazamwe upande wa pili wa kituo hiki. Ukionekana katika evtest na kukosekana hapa, kasoro imo kati ya hizo mbili. Ukionekana kote kuwili na kishale hakisogei, kasoro imo katika kituo cha tano.

Katika kituo cha tano, kipimo chepesi ni kufungua akaunti nyingine ya mtumiaji na kuingia kwa jina hilo. Kipanya kikitii huko, kasoro imo katika mipangilio ya mtumiaji wa kwanza, si katika mashine. Hapa pana mtego mmoja. Maelezo mengi ya zamani humwambia mtu aandike xinput ili avione vifaa vyake. Amri hiyo ni ya mfumo wa madirisha wa X. Kompyuta nyingi sasa hutumia Wayland badala yake, na humo xinput huonyesha kifaa cha bandia tu; jina la kipanya halipo. Mtu asiyejua hivyo hudhani mfumo wake umekipoteza kipanya, akaanza kutibu maradhi yasiyokuwapo. Amri ya echo $XDG_SESSION_TYPE itamwambia kama yumo katika x11 au wayland.

Maradhi yanayojificha

Kasoro zilizotajwa hujionyesha wazi. Ziko nyingine ambazo huja na kuondoka, nazo ndizo husingiziwa draiva zaidi.

Ya kwanza ni usingizi. Kipanya chafanya kazi, lakini mkono ukitulia kwa kitambo kidogo hakiamki mpaka kibonyezwe. Sababu ni uwekevu wa umeme: kiini chaweza kukilaza kifaa cha USB kisichotumika, na muda wa kawaida uliowekwa ni sekunde 2. Kwa desturi vipanya havilazwi hivyo. Lakini mtu aliyetumia powertop na kuiagiza ipange mambo yote yenyewe, amevilaza pamoja na vingine. Dawa ni kuandika neno on katika faili la power/control la kifaa hicho, chini ya /sys/bus/usb/devices.

Ya pili ni ya vipanya visivyo na waya. Vingi huzungumza na kipokezi chao kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa maelezo ya kuonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0, na nyaya zake, hutoa kelele katika mawimbi hayo hayo. Kwa hiyo kipokezi kikiwa jirani na diski ya nje ya USB 3.0, kishale huweza kusitasita na kurukaruka wakati mafaili yanaponakiliwa, kisha kikatulia. Kukisogeza kipokezi mbali kwa waya mfupi wa kuongezea hutosha. Hapana draiva ya kubadilisha wala amri ya kuandika.

Ya tatu ni mbonyezo mmoja kuhesabiwa miwili: faili la kuchaguliwa hufunguka, maneno ya kuburutwa huachwa njiani. Hii ni dalili ya kifungo kilichochakaa, ambacho vipande vyake vya chuma hugusana, huachana na hugusana tena. Libinput hujaribu kuificha kasoro hiyo kwa kutazama mibonyezo iliyoachana kwa milisekunde 25 au chini yake. Kifungo kikizidi kuchakaa, hila hiyo haifui dafu.

Ya nne ni mwendo usiopendeza, wa haraka mno au wa polepole mno. Kipanya, kama tulivyosema, hutoa hesabu ya hatua tu. Lakini hatua ya kipanya kimoja si sawa na ya kingine, kwani chombo kimoja huhesabu hatua 800 katika inchi na kingine 1,600 au zaidi. Mfumo una orodha ya vipanya vinavyojulikana na vipimo vyake. Mwenye kipanya kigeni ataona kishale kinakimbia, naye apunguze kasi katika mipangilio au achague mwendo usioongezwa. Hakuna kilichoharibika hapa; ni vipimo tu havijakubaliana.

Msomaji ataona kwamba katika kasoro zote tulizozitaja, hakuna hata moja iliyotaka diski ifutwe.

Shauri juu ya maneno

Kutokana na hayo, twatoa mashauri matatu kwa watungaji wa maelezo na wa faharasa za istilahi.

La kwanza: katika maandishi ya kumwelekeza mtu kazi, programu inayofasiri lugha ya kifaa iitwe draiva, na chombo cha kuhifadhia mafaili kiitwe diski. Neno kiendeshi lisitumike kwa lolote kati ya hayo mpaka maana yake itakapokuwa moja. Watakuwapo wasemao kwamba draiva ni neno la kigeni, na kiendeshi ni letu. Hoja hiyo haidharauliki. Lakini shule, baiskeli na dereva mwenyewe yaliingia kwa mlango huo huo, na leo hayana ugeni. Neno la kuazima lenye maana moja lafaa zaidi karatasi ya fundi kuliko neno la asili lenye maana mbili. Katika kufundisha, neno mkalimani lisaidie kueleza kazi ya draiva, pasipo kulifanya istilahi, kwa sababu tayari lina kazi yake katika lugha.

La pili: kitenzi futa kiwekewe jambo lisilorudi, na kitenzi ondoa kiwekewe jambo liwezalo kurudishwa. Kisha kila amri ya kuondoa itaje kinachoondolewa na kinapotoka. "Iondoe draiva ya kipanya kutoka katika kumbukumbu" ni sentensi ndefu kuliko "ondoa kiendeshi," lakini haiwezi kumfutia mtu kitu chochote.

La tatu: anayeripoti kasoro aseme alichokiona, asiseme hukumu. "Kipanya chawaka taa, kimo katika lsusb, lakini evtest haionyeshi kitu" ni habari inayomfikisha fundi moja kwa moja katika kituo cha tatu. "Draiva imekufa" ni hukumu iliyotolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa, na fundi aliyeipokea hana budi kuanza upya.

Kwa kawaida istilahi hupimwa kwa asili yake, kwa umbo lake, na kwa namna linavyopokewa na masikio. Vipimo hivyo ni vya haki. Kwa maneno ya kazi twaomba kiongezwe kimoja: wapewe watu wawili wasiojuana karatasi moja yenye neno hilo, na kompyuta mbili zisizo na kitu cha thamani ndani yake, kisha itazamwe kama wote wawili watatenda jambo lile lile. Wakitenda mambo mawili, neno hilo halijawa tayari kuingia katika faharasa, hata likiwa zuri namna gani.